Mguu wa Saba

Saa tatu usiku, Plovdiv, theluji imeganda madirishani,
nami nimemwinamia mbawakawa mfu
aliyechomwa pini kifuani mwaka aliozaliwa mama yangu.
Makumbusho hunilipa kwa mdudu mmoja mmoja.
Wino mweusi, nibu nyembamba, lenzi jichoni,
pumzi nimeibana.

Juu ya dari, Spiridon anaifungua kodiani yake.

Muziki wetu huku hauendi kwa miguu miwili kama askari.
Unachechemea:
moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu,
kama mtu anayeshuka ngazi mbio
na kwenye kidato cha mwisho akakumbuka ufunguo.

Mwanzoni niliziba masikio kwa pamba.
Mstari unataka kimya, alisema mwalimu wangu, Bi Tsonka,
ambaye hata saa ya ukutani aliitoa betri.
Lakini pamba haizuii kinachopita mezani.
Besi zilishuka ukutani, zikaingia mbaoni,
zikanipanda kiwiko,
hata nikaona nukta ninazomtia mdudu mgongoni
zinajipanga zenyewe: mbili, mbili, tatu.
Sikuzifuta. Zilikaa vizuri kuliko zangu.

Ngazini hatuna maneno, mimi na yeye.
Theluji hiyo. Theluji kweli. Basi.
Ila usiku, mvukuto ukivuta pumzi ndefu
nachora ukingo wa bawa kwa mkokoto mmoja;
na anapokosea (hukosea palepale,
akiipanda ile noti ya juu)
nanyanyua nibu, namngoja arudi.

Machi ikapigwa simu. Daktari Ognyanov wa makumbusho
alikohoa kwanza.
"Bibi Zlateva, mchoro wa kumi na nne.
Nimehesabu mara tatu, nikamwita na karani ahesabu.
Mdudu wako ana miguu saba."

Nikaitoa nakala yangu. Kweli.
Mitatu kushoto, mitatu kulia,
na huo mwingine, mrefu kidogo, umekunjwa gotini,
umenyanyuliwa hewani,
una vinywele vyake vyote na kucha mbili,
kazi safi kuliko zote nilizofanya mwaka ule.

Jicho lilihesabu sita, naapa.
Mkono ulikuwa ukihesabu na Spiridon.

Nikachora upya, mchana, jengo lote likiwa kazini.
Mdudu akatoka sahihi, miguu sita,
amelala kama aliyekufa,
na kusema haki, alikuwa amekufa.

Yule mwingine nilimpandisha ghorofani.
Mzee alifungua na fulana yake ya sufi,
kodiani kifuani kama mtoto aliyegoma kulala.
Akaisogeza karatasi kwenye taa,
akahesabu kwa kidole, midomo ikimcheza:
moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili…
Alipofika kwenye ule mguu wa hewani, kidole kikasita.
"Huu," akasema, "ni pale ninapokosea."

Sikujua niseme nini. Nikasema, theluji hiyo.
Ilikuwa imeyeyuka wiki nzima.

Usiku huo alianza mapema.
Nilikuwa na panzi mezani, miguu yake nimeiandika pembeni kwa tarakimu.
Akapanda, akapanda, akaifikia ile noti,
na hapo, badala ya kukosea,
akanyamaza.
Nikanyanyua nibu.
Juu ya dari kiti kililia mara moja.
Tone la wino likaanza kunenepa nchani.