Kilo Hewa

Mizani yangu haijawahi kusema uongo.
Ilisoma kilo moja na robo,
na Bi Mwanashehe akatabasamu,
akaanza kufungua pindo la khanga lenye pesa.
"Subiri kwanza, mama," nikamwambia,
nikavuta futi kamba.

Boksi lilikuwa la feni. Ndani, mto mmoja wa sufi,
sufi ya mti wa Pongwe, aliyoichambua mwenyewe
mbegu kwa mbegu, tangu mfungo sita,
akaijaza kwenye foronya aliyoidarizi
jina la mjukuu asiyemjua kwa macho: Salha.

Sitini kwa arobaini na tano, kwenda juu thelathini.
Nikazidisha. Nikagawa kwa elfu tano.
"Kilo kumi na sita na ushei.
Mpaka Uswidi, laki nne na themanini, na kitu juu yake."

Akaitazama mizani. Akanitazama mimi.
Sote tumeshasikia habari za watumishi hewa,
majina yanayopokea mshahara
bila kiwiliwili cha kuvaa shati.
"Na hizi nazo," akauliza, "ni kilo hewa?"

Foleni ikacheka. Mimi sikucheka,
maana sikuwa na jibu zuri kuliko swali lake.
Nikamweleza nilivyoelezwa kwenye semina:
ndege haichoshwi na uzito peke yake.
Tumbo lake likijaa mito, limejaa,
hata kama nguvu ya kubeba chuma bado inayo.
Kwa hiyo tunapima mara mbili,
na kinachozidi ndicho kinacholipiwa.
Jana tu kijana wa kiwanda cha mkonge
alileta beringi la korona, dogo kama andazi,
kidogo lipasue kaunta.
Alilipia uzito. Futi kamba sikuigusa.

Bi Mwanashehe hakubishana.
Alilitwaa boksi kwa mkono mmoja, akatoka.

Kesho yake akarudi na Fundi Semkiwa
wa baiskeli, wa barabara ya kumi na mbili,
na pampu aliyoigeuza ngozi yake ya ndani
ili badala ya kupuliza, ifyonze.
Mto wakautia kwenye nailoni ya godoro,
mdomo wakaukaza kwa mpira wa tyubu,
na hapo hapo, kwenye benchi la wateja,
Fundi akapiga pampu.
Mto ulilia. Wallahi ulilia, fyuu nyembamba,
ukanywea, ukawa kama mkate wa kumimina
uliogoma kuumuka.
Sentimita sita kwenda juu.
Kilo tatu na robo. Laki moja haikufika.
Foleni ikapiga makofi, nami nikagonga muhuri.

Nilidhani yamekwisha.

Wiki ya nne akaja, hana mzigo,
akakaa kwenye benchi lile lile.
"Umefika," akasema. "Walipoukata mfuko
mto ukavuta pumzi, ukanenepa wenyewe juu ya meza,
mtoto akacheka mpaka akapaliwa."
Akawa anaikunja risiti, anaikunjua.
"Lakini binti yangu kaunusa, kaniambia,
mama, hauna harufu ya nyumbani.

Utakuwaje nayo? Umejaa hewa ya kwao, ya baridi.
Yangu, iliyopita juu ya makumbi yanayoungua,
ikapita kwenye asumini ya jirani
na jua la uani, siku baada ya siku,
si aliifyonza Semkiwa?
Imebaki hapa. Ofisini kwako."

Nikainua macho. Feni inazunguka.
Wiki tatu nzima nimekuwa nikiivuta na kuitoa,
sijalipia hata stempu.

"Nipimie kilo moja," akasema. "Ya hewa.
Hiyo nitailipia."

Futi kamba ninayo mkononi.
Nyuma yake foleni imeanza kuguna.