Tarehe Kumi na Sita Februari

Jana, mwanga ulipozama nyuma ya mlima,
Fearchar aliifungia bunduki kabatini,
ufunguo akauvaa shingoni kama hirizi.
Msimu wa majike umekwisha.
Hadi Oktoba, tarehe ishirini na moja,
ayala jike haguswi.

Leo asubuhi wamo bustanini mwangu.
Saba. Nimewahesabu kutoka dirisha la jikoni
birika likipiga mluzi.
Wiki nzima hatukuona hata sikio;
leo wanatafuna kabichi zangu
kama waliosoma kalenda ukutani,
ile ya bure, ya duka la chakula cha kondoo.

Babu Torquil hakuwa na kalenda.
Alikuwa na watoto tisa, na chungu.
Usiku mmoja, theluji magotini,
alishuka na jike begani.
Wakala siku tatu.
Ya nne, mlinzi wa bwana shamba
alinusa mchuzi kabla hajabisha hodi.
Pauni kumi, au siku thelathini ndani.
Akachagua siku,
maana pauni kumi hakuwahi kuziona zimekaa pamoja.
Mahakamani hakuulizwa ni mwezi gani.
Aliulizwa mlima ni wa nani.
Wanasema sheria ni msumeno;
wetu ulikuwa na meno upande mmoja.

Basi nikakua nikiichukia kila tarehe
iliyoandikwa na mtu aliyeshiba.

Mpaka Januari hii.
Goti la Fearchar linamsumbua,
nikapanda naye kumsaidia kuvuta kamba.
Akampasua jike palepale alipoangukia,
mvuke ukapaa juu ya theluji,
akaniwekea kitu mkononi:
hakina nywele, urefu wa kiganja,
kwato nne laini kama nta.
"Mimba ya Oktoba," akasema, akafuta kisu.
Ilikuwa halali. Siku zilikuwa zimebaki ishirini na tisa,
na karatasi zetu zote zilikuwa sawa.
Nilikifukia chini ya jiwe
kwa vidole, bila glavu.

Sasa nimesimama mlangoni na sufuria na mwiko,
tayari kupiga kelele.
Mkubwa wao ananitazama,
jani likining'inia mdomoni,
tumbo limeshuka upande mmoja.
Haondoki. Anajua, au hajui chochote.

"Zimebaki kabichi ngapi?" Fearchar anauliza kutoka ndani.
"Nne," nasema.
Sufuria ni ya baridi mkononi.
"Tatu."