Toa Mbili

Barua ina wiki tatu mfukoni mwa shati.
Niliiandika kwenye karatasi ya daftari la Hidaya,
ile ya vyumba vya hesabu,
kwa kuwa nyengine haikuwapo nyumbani usiku ule.
YAH: KUACHA KAZI.
Kichwa cha habari hapo juu chahusika.
Mimi, Faki Shaame Asaa, mpimaji, kituo cha Kiuyu,
naomba

basi, imesimama hapo, kwenye naomba.
Naomba nini? Ruhusa? Radhi?
Imeshafuliwa mara moja pamoja na shati.
Wino umefifia, lakini naomba ingali inasomeka.

Kazi yenyewe si nzito.
Bamvua likisha, mwani ukikauka juu ya chanja,
kina mama huja na mapolo yao vichwani.
Nanyanyua, natundika kwenye ndoana,
mshale unatetemeka, unatulia.
Thalathini na moja, nasema.
Halafu nasema: toa mbili.
Za maji na mchanga, ndivyo kampuni ilivyoandika.
Hata jua la kaskazi liukaushe mwani
mpaka ukatike kwa mlio mkononi,
mbili ni mbili.

Watungaji huhesabu mizani kwa vidole;
silabi ikizidi huiondoa, na shairi likapendeza.
Mie nikiondoa,
kuna mtu alisimama maji ya magoti tangu alfajiri.

Raya anasema: Ukitoka wewe ataingia mwengine,
na huyo huenda akatoa tatu.
Anasema kanipa mgongo, anakuna nazi.
Hautaji mkopo wa mabati, miezi kumi na minne bado,
wala hazitaji sare za skuli.
Mbuzi inakwaruza kwa niaba yake.
Na kaka yangu Mbarouk, kwa simu kutoka Unguja:
Kazi haitupwi kama ganda la muhogo, wewe.
Wote wana haki. Hilo ndilo linalonichosha.
Laiti mmoja wao angekuwa mjinga.

Kwani njia ya katikati sikuijaribu?
Siku moja mshale uligota kwenye nusu, nikaupandisha.
Nusu kilo ya huruma!
Nikarudi nyumbani natembea kama niliyejenga msikiti.
Usiku ndipo nikapiga hesabu:
nimempa nusu, nimemchukulia moja na nusu,
na yeye kanishukuru.

Juzi, tumeshafunga, kituo kitupu,
niliishika ndoana kwa mikono miwili, nikakunja miguu.
Nilitaka kujua tu.
Sitini na tatu.
Na mdomo wangu, bila ya kuniuliza, ukasema:
toa mbili.
Nikabaki nining'inia pale kama polo,
natafuta kwangu mie kipi maji, kipi mchanga.

Leo wa kwanza alikuwa Bi Kazija.
Ndiye aliyenisomesha chuoni.
Herufi moja nikiimeza, alinirejesha mwanzo,
na kifimbo chake cha mpera hakikujua jina la baba yangu.
Siku hizi haoni vizuri. Husikiliza namba.

Mshale ukatulia. Ishirini na sita, nikasema.
Nikaandika ishirini na sita, kwa wino,
nikafunga mdomo.
Kitu kikanichoma kifuani, ama barua, ama jasho.

Bi Kazija hakuondoka.
Alisubiri, kichwa kakiinamisha upande,
kama alivyokuwa akisubiri nimalize aya.
"Faki," akasema, taratibu,
kama mtu anayemkumbusha mwanawe kiatu,
"umezisahau mbili zako."