Kizibao cha Zahran

Ijumaa ile Barka, baada ya alasiri,
fahali wa jirani, jina lake Radi,
alimbana kaka yangu Zahran kwenye ukuta wa uwanja.
Si pembe. Pembe ilipita kando.
Ni bega tu, lakini bega lenye uzito wa gari,
na mbavu mbili zikalia kama vijiti vya mishikaki.
Ya tatu haikulia, tuliijua kwenye eksirei.

Mimi riziki yangu ni kupima vitu vinavyovunjika.
Nina karakana nyuma ya duka la matairi,
kiyoyozi kimoja kinachokohoa,
na kifua cha udongo nilichokifinyanga mwenyewe:
hakina moyo, hakina deni, hakilalamiki.
Nakiangushia chuma cha kilo tano,
kisha natia rula kwenye shimo.
Milimita thelathini na nane.
Naandika. Nasawazisha udongo. Narudia.

Nilianza na sahani za chuma, kama kila mtu.
Zahran alizivaa, akainama kuokota kamba,
akashindwa kuinuka.
"Dada," akasema, "umenivalisha mlango."

Basi nikatafuta kitu kilicho nguo asubuhi
na ukuta kwa nukta moja tu.

Nilikikuta kwenye beseni.
Nilikuwa natia wanga kanzu za Idi,
unga mwingi, maji kidogo,
mkono ukizama taratibu kama kwenye maziwa.
Kifungo kikaniponyoka, nikakivamia,
na beseni likanigomea,
gumu, kana kwamba chini ya maziwa kuna jiwe limelala.
Nikapiga tena. Likagoma.
Nikabembeleza. Likafunguka.
Mama akafoka toka ukumbini:
"Siku hizi unapigana na wanga?"
Nikamjibu kwa Kiswahili, lugha yetu ya ndani ya mlango:
"Haraka haina baraka, Mama. Leo nimeigusa."

Maana chembe zikipewa muda hupishana kwa adabu,
samahani, pita, starehe.
Zikiharakishwa hubanana mabega
kama watu mlangoni moto unapozuka,
na hakuna apitaye.

Lakini wanga huoza. Siku ya nane
karakana ilinuka togwa, mwenye matairi akaja kuuliza.
Nikahamia vumbi la mchanga, laini kuliko poda,
ndani ya mafuta yasiyokauka,
nikalinywesha kitambaa tabaka kwa tabaka.
Ishirini na saba.
Nikaenda soko la samaki kuomba magamba, si samaki.
Wakanicheka, wakanipa ndoo nzima.
Nikasoma yanavyolaliana, kila moja limeshikwa upande mmoja tu,
nikayaiga kwa plastiki, nikayashona juu.
Ishirini na moja.

Kisha Julai. Digrii arobaini na sita.
Mafuta yakalegea, vumbi lote likashuka kiunoni,
kizibao kikaota kitambi.
Niliketi sakafuni nikacheka hadi nikalia.
Jioni nikamenya komamanga la Jabal Akhdar,
nikaona punje zilivyogawiwa vyumba,
hakuna inayomwagikia nyumba ya mwenzake.
Nikafumua vyote. Nikashona vyumba mia mbili na kumi.

Kumi na nne.

Kumi na nne bado ni mchubuko,
bado ni rangi ya zambarau na usiku wa kulalia ubavu mmoja.
Sitamdanganya mtu kwamba ni sifuri.
Lakini mbavu haziendi eksirei kwa kumi na nne.

Zahran alikivaa jikoni. Akainama, akainuka.
Nikampiga ngumi bila kumwonya:
aliyepiga yowe ni mimi.
Mama, ambaye hajui milimita,
akasogea akamkumbatia polepole, kama anavyofanya kila kitu,
na kizibao kikalainika, kikampisha
mpaka akasema anasikia moyo wa mwanawe.

Nikafungua daftari. Sikujua niandike nini.
"Joto," akasema Zahran, jasho likimtiririka shingoni.
"Vingine vyote sawa, lakini joto."

Nikachukua mkasi, nikaanza kutafuta
mahali pa kutoboa.