Ya Kumi na Tisa

Tusekile aliingia karakanani, Mafinga,
ukungu ungali umelalia magogo,
akanikunjulia karatasi: fimbo za shaba,
nene kama penseli, kumi na nane.
"Mbona alama ni kumi na tisa?"
"Ya katikati usiitoboe. Hapo ndipo mawimbi yatakapokaa."

Miaka ishirini nakereza ekseli na puli za misumeno;
sijawahi kulipwa kwa kuacha kitu.

Akanitoa nje hadi kwenye misindano,
ile iliyopandwa kwa kamba, safu kwa safu,
tukasimama kwenye kisiki kimoja.
Piga mluzi, akasema.
Nikapiga. Ukapotelea mbali.
"Huo umekwenda. Lakini kuna wimbi moja, kwa kipimo changu,
ambalo kila safu italinyima njia:
likienda huku, linarudishwa,
kule, linarudishwa,
basi linabaki kisikini na kuisukuma chembe mbele.
Makelele yanayoiyumbisha chembe siyazuii.
Yanapenya kati ya shina na shina
kama mbuzi wa jirani."

Nikakereza hadi jenereta ikakohoa.
Ya saba ilizidi kwa unene wa unywele; nikaitupa.
Zilipokwenda Mbeya, zimefungwa kwenye kitenge chake,
nikakuta moja imebaki mezani.
Mazoea ya mkono: nilikuwa nimekereza kumi na tisa.

Sasa ni komeo la dirisha langu.
Upepo wa Juni haujasoma mchoro.
Unaingia tu.