Chubwi

Kwetu neno ni moja kwa kitu na mlio wake:
chubwi ni uzito ufungwao mshipini,
na chubwi ni maji yanavyoupokea
kisha yakafumba mdomo.

Zangu nilizimimina mwenyewe,
gereji ya Gagnon, Lewiston, saa ya chakula.
Vipande vya risasi vya kusawazishia magurudumu,
vilivyobanduliwa kwenye rimu za watu,
nilivijaza kopo la kahawa,
nikaviyeyusha katika sufuria kuukuu ya Wabiwa
(aliitafuta wiki mbili; nikasema sijaiona)
na kumwaga ndani ya kalibu
niliyoichonga kwa msumari katika tofali.
Kalibu ilikuwa na ufa. Kila chubwi ilitoka
na kovu ubavuni, kama mtoto aliyechanjwa.

Bure kabisa. Ikinasa kwenye mawe
nilikata mshipi, nikafunga nyingine.
Nani ahesabu?

Ziwa Pettengill lina ndege wake.
Kichwa cheusi, jicho kama punje ya mturituri,
mgongoni shuka la vidirisha vyeupe.
Jina lake kwa Kiswahili sijapata kulisikia.
Mwanangu Asukulu alimwita Bi Kuzama,
maana huzama asitoe hata chubwi.
Makinda huyabeba mgongoni, wala hana mbeleko.

Hana meno pia. Humeza changarawe
ili firigisi isage mifupa ya samaki.
Akikuta moja laini, ya kijivu, nzito kidogo,
atajuaje?

Mwezi wa nane tulimkuta nchi kavu,
yeye ambaye miguu yake haijui kutembea,
kichwa kikitikisika kama cha mlevi anayekataa deni.
Asukulu alimfunga kwa koti langu la kazi.
Tukampeleka kwa Ghislaine Ouellette,
anayeuguza ndege bandani nyuma ya nyumba;
Kifaransa chake cha bibi yake na changu cha Uvira
vilikutana njiani, vikachechemea pamoja.

Alikufa Alhamisi.
Ghislaine aliinua picha ya eksirei dirishani:
mifupa kama miiba ya sangara, moyo kivuli tu,
na katika firigisi nukta moja
nyeupe kuliko mifupa yote.
Kisha akaniwekea kiganjani chenyewe,
kimesagika nusu.
Kovu lilikuwa bado ubavuni.

Nyumbani kuku akichinjwa
firigisi haiombwi na mtoto. Ni ya baba.
Basi ikanifikia.

Risasi. Lugha yetu haikujisumbua
kuyatenga madini na mauti yake.
Ya bunduki niliikimbia, nikavuka mipaka mitatu;
hii niliibeba ndani ya kopo, nikipiga mluzi.

Sikumwambia Ghislaine. Nilisema pole,
neno ambalo Kifaransa hakina.
Asukulu alikuwa akiutazama mkono wangu.
Ndiye aliyekuwa akinishikia tofali.

Kopo nililipeleka kwenye ofisi ya mji:
kilo mbili na robo, yule karani aliinua nyusi.
Sasa nanunua za chuma, na mara chache tungsteni,
pakiti dola saba, chubwi nne!
Gagnon anacheka, ati samaki hawasomi bei.
Za chuma ni nene, upepo unazichezea,
sihisi chini kama nilivyozoea,
na jumamosi mbili nimerudi na ndoo ya maji.
Nasema ukweli: sijazipenda.
Wabiwa aliiona sufuria yake nyuma ya matairi.
Hakuuliza. Aliitupa pamoja na mfuniko,
na mfuniko ulikuwa mzima.

Jana Asukulu alifunga fundo mwenyewe, akarusha.
Chubwi.
Mlio ule ule. Maji hayakubagua.
Tulikaa tukisikiliza muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Baba, akasema, zile ulizokata,
zilizobaki huko chini,
ni ngapi?

Nikaanzia mwaka tuliofika.