Viti Vitano

Fomu haikunielewa.
Niliandika: moja. Ikajibu kwa rangi nyekundu:
idadi ya chini ni watumiaji watano.
Nikageuka kutazama nyuma. Chumba kimoja, Ostrava, Desemba,
tramu inapinda kona na kukwaruza reli,
na mimi, Zdenka, fundi wa kompyuta za watu wengine,
kampuni ya mtu mmoja na birika moja.

Nikapiga simu. Kijana akasema, kwa upole wa kukariri,
"Mama, kifurushi cha biashara ndivyo kilivyo."
Ndivyo kilivyo. Basi nikajaza viti.

Cha kwanza, mimi.
Cha pili, paka, Knedlík, idara ya usalama.
Cha tatu nikampa Růženka wa ghorofa ya chini,
hana kompyuta wala hataki kusikia habari zake,
ila nina deni lake la karoti mbili.
Cha nne nikakiita Mgeni. Mgeni siku mbili,
ya tatu mpe jembe; huyu atakaa mwaka,
na jembe lenyewe ni la kukodi.
Cha tano vidole viliandika vyenyewe:
Oldřich.

Baba aliendesha kreni kiwandani Vítkovice.
Spana zake kumi na tisa zimo kabatini mwangu,
zimeviringishwa kwenye turubai linalonuka grisi.
Alizinunua mara moja, mwaka niliozaliwa,
akamaliza. Hakuna spana iliyowahi kumwamsha usiku
kumwambia muda wake umekwisha,
au kuikataa nati kwa kuwa nati ni ya toleo jipya.
(Moja ilipotea. Kumi na nane, basi.)

Mali bila daftari huisha bila habari.
Yangu ina daftari, na huisha kwa habari:
kila tarehe mosi, saa sita na dakika mbili usiku,
simu inatetemeka mezani kama nzi aliyelala chali.
Programu ya kuhifadhi nakala. Ya ankara.
Ya kuingia kwenye kompyuta ya mtu aliye mbali.
Ya kunikinga na wezi,
ambao angalau huja mara moja.
Kliniki ya meno hunilipa baada ya siku sitini.
Ghala la breki hunilipa likikumbuka.
Programu haijui siku sitini ni nini.

Machi ikaja barua pepe, yake, kupitia kwangu:
"Habari Oldřich! Hatujakuona kwa siku tisini.
Je, kila kitu kiko sawa?"

Nilikuwa nakula mkate. Nikauweka chini.
Tangu mazishi hakuna aliyelitaja jina lake hivyo,
kwa alama ya mshangao,
kama mtu anayesubiriwa kazini.

Nikamfungulia. Nenosiri: jina la mama,
saizi ya spana iliyopotea,
na alama moja, kama walivyodai.
Nikakubali masharti kwa niaba yake bila kuyasoma;
yeye asingekubali, alisoma hata karatasi ya chupa ya bia.
Kidoa cha kijani kikawaka kando ya jina.
Yuko kazini.

Kesho nitaiandikia kliniki kwamba bei inapanda.
Barua hiyo nimeianza mara tatu, na mara tatu
nimejikuta naomba radhi.
Usiku huu naliacha dirisha lake wazi.
Paka amekalia kibodi, idara nzima ipo.
Kaa, baba. Usiharakishe kutoka.
Hadi tarehe thelathini na moja umelipiwa.